Kabla ya masika, kagua pipa

Dar es Salaam tulizoea kuhesabu mbu kwa masika: Machi wanaanza, Juni wanapungua. Tabianchi inavyobadilika, hesabu hiyo inatuangusha. Vuli ya 2019 ilimwaga mvua kupita kiasi, maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa yamepata joto. Oktoba 2022 ikawa kinyume, mto Ruvu unaotupa maji ukapungua na maji yakaja kwa mgawo. Mbu anayeeneza homa ya dengue, yaani kidingapopo, hapotezi kitu kwa lolote kati ya hayo: mvua ikizidi anapata vifuu na tairi zilizojaa, ukame ukija, tunamjazia mapipa wenyewe.

Kwa hiyo maandalizi ni Februari, jua likiwa bado kali. Anza na pipa na madiaba. Kumwaga maji tu ni kazi nusu, kwani mbu huyu hutaga ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yapande. Sugua kwa brashi ngumu, hasa pale penye ule mstari wa uchafu. Rudia kila wiki: kwenye joto, yai huwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 10 hivi, na virusi navyo hukomaa upesi zaidi mwilini mwake. Mfuniko wa tangi ukivunjika, funga wavu kwa mpira. Gata lenye majani ndilo husahaulika, maana nani anapanda juu ya bati kabla halijavuja?

Chandarua kibaki kwa ajili ya malaria, ila huyu anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Mtoto anayelala adhuhuri naye afungiwe chandarua.

Nyumbani weka parasetamoli. Homa ikija, pima malaria. Isipoonekana, usikimbilie diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa dengue inaweza kuleta kutokwa damu. Andika siku homa ilipoanza. Mara nyingi hatari huja homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu. Hapo ni hospitali usiku huohuo. Na kama njia yako hupita Jangwani, tafuta nyingine sasa, kabla mto Msimbazi haujafurika.