Kutunza rangi za bunduki ya zamani ukikaa pwani ya kusini

Bunduki za mitutu miwili za mtindo wa Kiingereza zina rangi mbili, na wengi huzitunza kana kwamba ni moja. Mitutu ina bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Mtambo, kile chuma kinachounganisha mitutu na kitako, una mabaka ya samawati, kahawia na zambarau yaliyoingiliana kama mafuta ya taa juu ya dimbwi. Nilijifunza kuzitunza nikiwa msafisha silaha kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii huko Liwale. Kiangazi cha kule ni kikavu, chuma kinavumilia. Hapa Mikindani ninakoishi sasa na bunduki yangu ya leseni, upepo wa bahari unaleta chumvi mpaka chumbani.

Mabaka yale hayakupakwa kwa brashi. Kwa njia ya zamani, chuma hufungiwa kwenye sanduku lililojaa mkaa wa mifupa na mkaa wa kuni, kikapashwa moto kupita nyuzi 700 za Selisiasi, kisha kikatumbukizwa kwenye maji baridi yanayobubujika kwa hewa iliyopulizwa ndani yake. Ugumu unaingia kwenye chuma, rangi inabaki juu tu, utando mwembamba mno. Ndiyo maana naona bunduki nyingi za aina hii zimemalizwa na wenyewe wanaozipenda. Wanazisugua.

Kabla ya lolote, fungua bunduki, tazama matundu yote mawili ya risasi, pitisha na kidole. Risasi ziwe chumba kingine. Kisha vua ubao wa mbele na utenganishe mitutu na kitako. Skrubu za mtambo usiziguse, hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibali.

Chukua fulana kuukuu ya pamba, iliyofuliwa na kukauka vizuri, ufute vumbi na jasho. Kwenye nakshi tumia mswaki laini ambao haujawahi kuonja dawa ya meno. Halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, siyo kwenye chuma, upitishe kidogo kidogo. Mafuta ya nazi tuachie nywele na mapishi: yakikaa yanachacha, yananata, na asidi yake inakula chuma. Oili chafu ya gari ndiyo usiitaje kabisa. WD-40 inafukuza maji vizuri ukinyeshewa, lakini si ulinzi wa mwezi mzima.

Brasso, msasa, majivu, stilwaya ya masufuria: vyote hivyo vinakwangua. Ndimu na siki, tunavyozoea kung'arishia vyombo vya shaba, ni balaa kwa bluu ya mitutu, maana bluu ile yenyewe ni aina ya kutu iliyotengenezwa kwa makusudi. Dawa ya kutoa kutu haiwezi kubagua kutu unayoipenda na usiyoipenda.

Msimu wa korosho ndio wa hatari. Umeshinda shambani ukitenganisha korosho na mabibo, usiku unatoka kulinda mihogo dhidi ya nguruwe pori, na maji ya mabibo bado yako kwenye vidole. Yana asidi, tena yana ukakasi ule ule unaoharibu nguo. Chuma nacho kinapata doa jeusi. Nawa kwa sabuni, jikaushe, ndipo uishike. Ukirudi, ifute usiku huo huo, usingoje asubuhi.

Baada ya mafuta kufutwa, paka nta. Iliyo bora ni Renaissance Wax, iliyobuniwa kwenye maabara ya British Museum kwa ajili ya kuhifadhi vitu vya kale. Usipoipata, nta ya gari isiyo na chembe za kung'arishia inatosha. Paka nyembamba, iache ikauke, kisha futa taratibu bila kukandamiza. Kidole chenye jasho kinakutana na nta kwanza. Usiianike juani ili ikauke haraka. Jua kali linafifisha mabaka.

Mkoba wa ngozi au wenye sponji ni wa safarini tu, kwa sababu unafyonza unyevu na kuulaza juu ya chuma. Nyumbani iwe kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na vipakiti vya silika, vile vya kufyonza unyevu, ambavyo unavikausha mara kwa mara. Ukiisimamisha muda mrefu, midomo ya mitutu ielekee chini, la sivyo mafuta yatateremka kwenye mbao za kitako na kuzilainisha.

Doa dogo la kutu kwenye mtutu liloweshe mafuta usiku kucha, kisha ulibandue kwa ncha ya mwanzi au waya wa shaba wa umeme uliopondwa bapa. Shaba ni laini kuliko chuma. Kwenye mabaka ya mtambo mimi naishia kwenye mafuta na kitambaa. Doa lisilotoka nalipaka nta na kuliacha lilivyo.

Na pale rangi ilipokwisha, pakabaki kijivu, atatokea fundi wa kuchomelea akuambie atairudisha kwa moto wa gesi. Mkatalie. Moto ule unavuruga ugumu wa mtambo, na mtambo ndio unaozuia mlipuko usije usoni kwako. Kijivu kinapakwa nta vilevile.