Somo: Kuandaa picha na rangi za kipeperushi na bango kabla ya kupeleka kwa mchapaji

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni kwa wanaobuni matangazo ya kuchapwa: vipeperushi, mabango ya turubai, stika, matangazo ya gazetini. Kazi nyingi nzuri huharibikia sehemu moja. Mbunifu anamaliza kila kitu kwenye skrini, mteja anaridhika, ndipo anakumbuka kuuliza itachapwa vipi. Wino na karatasi ndivyo vinavyoamua rangi, kwa hiyo mchapaji aulizwe kabla hujafungua programu yoyote.

Tuchukue kazi moja ya mfano. Duka la vitambaa la Kariakoo linafungua tawi. Linataka vipeperushi vya A5 vitakavyochapwa kwa ofseti (uchapaji wa sahani za chuma, kila rangi na sahani yake), na bango la turubai la mita 3 kwa mita 1 la kufunga juu ya mlango. Nembo yao ni bluu kali, na picha za vitambaa zimepigwa kwa simu.

Hatua ya 1: Ongea na mchapaji

Muulize mashine, aina ya karatasi, faili anayopokea, na ziada ya kukatia anayotaka kila upande (kawaida ni mm 3). Muulize pia profaili ya rangi, yaani faili inayoieleza programu jinsi wino na karatasi yake vinavyotoa rangi. Akikujibu "lete tu", kwa ofseti kwenye karatasi ya kung'aa anza na FOGRA39. Kuna sababu ya kulitaja hili: Photoshop ikiwa na mipangilio ya Marekani hutumia SWOP, profaili iliyotengenezwa kwa uchapaji wa majarida ya kwao. Wengi wanabadilisha rangi kwa profaili hiyo bila kujua kwamba wameichagua.

Hatua ya 2: Ijue tofauti ya RGB na CMYK

Skrini inatoa mwanga. Inachanganya nyekundu, kijani na bluu, na zote tatu zikiwaka kikamilifu unaona nyeupe. Karatasi haitoi mwanga wowote. Wino unanyonya sehemu ya mwanga unaoangukia juu yake na kurudisha uliobaki. Ndiyo maana mchapaji anatumia sayani, majenta, njano na nyeusi. Kinadharia zile tatu za kwanza zingetosha kutoa nyeusi, lakini wino halisi ukichanganya hivyo unapata kahawia chafu.

Sasa tazama nembo yetu. Bluu kamili ya skrini, yaani RGB 0, 0, 255, haipo kabisa kwenye wino. Ukiibadilisha kwa SWOP unapata sayani 88 na majenta 77 hivi, na kwenye karatasi hiyo inaelekea zambarau. Bluu ya kuchapa inahitaji majenta iwe chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi. Kwa duka letu ningeanza na sayani 100, majenta 60, njano 0, nyeusi 0, kisha mteja aione kwenye karatasi. Kijani cha kung'aa na chungwa kali nazo hufifia. Mwambie mteja mapema, kabla hajaipenda rangi isiyoweza kuchapika.

Hatua ya 3: Hesabu pikseli

Kipeperushi kinashikwa mkononi, kwa hiyo tunataka pikseli 300 kwa inchi. Namba hiyo ina chanzo chake: ofseti ya kawaida huchapa mistari 150 ya nukta kwa inchi, na picha inahitaji takriban mara mbili ya hapo. Gazeti hutumia mistari michache zaidi, 85 hadi 100, kwa hiyo 200 inatosha.

A5 ni mm 148 kwa 210. Ukiongeza mm 3 kila upande inakuwa 154 kwa 216, sawa na pikseli 1,819 kwa 2,551. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4,032 kwa 3,024, inatosha na kubaki. Lakini ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida, upande mrefu mara nyingi unabaki na pikseli 1,600 hivi. Mwombe mteja aitume kama dokumenti. Hapo WhatsApp haiigusi.

Bango ni habari nyingine. Mita 3 kwa pikseli 100 kwa inchi ni pikseli 11,811. Ile picha ya simu ukiitandaza mita 3 nzima, unabaki na pikseli 34 hivi kwa inchi. Kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara hakuna tatizo. Kwa anayesimama mlangoni italegea. Ushauri wangu: picha ichukue theluthi ya bango, maandishi na nembo viwe vekta (michoro ya mistari ya hesabu, si pikseli) vichukue sehemu iliyobaki. Na msiongeze pikseli kwa kuandika tu 300 kwenye kisanduku. Programu inakisia rangi za kujazia, haileti undani ambao kamera haikuuona.

Hatua ya 4: Chagua fomati kwa kazi yake

Nembo na maandishi: vekta, yaani AI, CDR, EPS au PDF. Inakuzwa hadi ukubwa wa jengo bila kupoteza ukali. Nembo ya JPEG yenye kisanduku cheupe nyuma yake, mwambie mteja amtafute aliyeibuni. Asipopatikana, ichore upya na uitoze kama kazi.

Picha: TIFF ndiyo ninayoiamini zaidi. Inakubali CMYK, na ukiibana kwa LZW haipotezi kitu. JPEG nayo inakubali CMYK na si adui kama inavyosemwa, ila kila ukiihariri na kuihifadhi tena inatupa taarifa nyingine. Ihifadhi mara moja tu, mwishoni, kwa ubora wa juu kabisa. Maandishi mekundu ndani ya JPEG huonyesha ukungu pembeni haraka kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo usiyaweke humo.

PNG ni nzuri kwa picha isiyo na mandharinyuma, lakini haina CMYK. GIF ina rangi 256 tu. Iache kwenye skrini.

Hatua ya 5: Badilisha rangi mara moja, mwishoni

Hariri picha ikiwa RGB. Hifadhi faili mama ikiwa na leya zake zote, kisha tengeneza nakala ndiyo uigeuze CMYK. Ukishageuza, rangi zilizopotea hazirudi hata ukirudisha RGB. Na faili mama utaihitaji kesho, mteja atakapotaka tangazo lilelile la Instagram.

Kabla ya kugeuza, kwenye Photoshop bonyeza Ctrl na Y. Utaona jinsi rangi zitakavyokaa kwa profaili uliyochagua, na faili yako haibadiliki.

Hapa kuna mtego mkubwa: nyeusi. RGB 0, 0, 0 ikigeuzwa kwa SWOP inakuwa sayani 75, majenta 68, njano 67, nyeusi 90. Hiyo ni jumla ya asilimia 300 ya wino. Maandishi madogo yakichapwa kwa wino nne, sahani moja ikisogea kidogo tu, kila herufi inapata kivuli cha rangi na bei ya kitambaa haisomeki. Maandishi yote yawe nyeusi 100 peke yake. Eneo kubwa jeusi ndilo linalohitaji kusaidiwa: sayani 60, majenta 40, njano 40, nyeusi 100 linatoka zito na zuri. Gazetini jumla ya wino isizidi asilimia 240 hivi, maana karatasi yake inakunywa wino na upande wa pili utaonekana.

Hatua ya 6: Toa PDF

Kwa kipeperushi, PDF/X-1a inafaa mitambo ya zamani: kila kitu kinakuwa CMYK na uwazi (sehemu zinazoonyesha kilicho chini yake) unabanwa kuwa tabaka moja. PDF/X-4 inaacha uwazi ulivyo, na mitambo mipya inaipenda. Geuza fonti ziwe michoro au hakikisha zimo ndani ya faili. Angalia maandishi meupe yasiwe yamewekewa amri ya kuchapwa juu ya rangi nyingine, maana wino mweupe haupo na maandishi yatatoweka.

Kwa bango, wengi wanapokea TIFF, JPEG au PDF. Uliza kama wanataka RGB. Programu inayoendesha mashine ya turubai hubadilisha rangi yenyewe kulingana na wino wake, na mara nyingine matokeo yake ni mazuri kuliko CMYK ya ofseti uliyoitengeneza nyumbani.

Kisha omba sampuli. Kwa kipeperushi, karatasi moja ya uthibitisho iliyosainiwa na mteja. Kwa bango, kipande kidogo chenye nembo na uso wa mtu kama yupo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, natumia Canva ya bure na haina CMYK. Niache kazi za kuchapa?

Usiache. Pakua PDF ya kuchapa, weka alama kwenye kisanduku cha alama za kukatia na ziada, kisha kubaliana na mchapaji akugeuzie rangi na akuonyeshe kabla hajatengeneza sahani. Epuka bluu na kijani za kung'aa tangu mwanzo. Ukiweza, jifunze Scribus. Ni ya bure na inatoa PDF ya CMYK kamili.

Swali: Mwalimu, niko Mombasa, nachapa fulana na vikombe kwa sublimesheni. Hizi CMYK zinanihusu?

Kwa sehemu kubwa hapana. Printa nyingi za sublimesheni, yaani za kuhamisha wino kwa joto, zinataka RGB na profaili ya wino wake. Programu yake inafanya kazi iliyobaki. Kinachokuhusu ni profaili sahihi na joto la mashine. Wino ukiwa bado kwenye karatasi unaonekana umefifia, usiuhukumu hadi uingie kwenye kitambaa.

Swali: Mkuu, mteja analinganisha kipeperushi na simu yake, anasema rangi zimekufa. Namjibuje?

Dada, jibu hilo litolewe kabla ya kuchapa. Mpe sampuli ya karatasi, aitazame nje kwenye mwanga wa mchana, asaini. Akisema nembo lazima iwe bluu ileile kila mahali, mpe bei ya wino maalumu wa Pantone, uliochanganywa tayari kwa rangi hiyo. Ni sahani ya tano na gharama inaongezeka, lakini bluu itakuwa hiyohiyo kila uchapaji.

Swali: TIFF ya bango langu ina karibu MB 180 na intaneti hapa inasuasua. Nifanyeje?

Ukubwa huo ni wa kawaida: mita 3 kwa 1 kwa pikseli 100 kwa inchi, CMYK, bila kubanwa. Ibane kwa LZW kwanza. Ikibaki kubwa, toa JPEG ya ubora wa 12 kwenye Photoshop, mara moja tu kutoka faili mama. Kwenye turubai hutaona tofauti. Au shuka hadi pikseli 72 kwa inchi kama bango litakaa juu. Vinginevyo ipeleke kwa flashi.

Swali: Kaka, bango la mita 10 nalianzisha vipi? Programu inagoma.

PSD inaishia pikseli 30,000 kwa upande, na PDF ya kawaida inaishia inchi 200, mita 5 na kidogo. Fanya kazi kwa kipimo cha 1 kwa 10: mita 10 iwe mita 1 kwenye faili. Picha ziwe na pikseli mara kumi kwa kila inchi, yaani 300 kwenye faili itakuwa 30 kwenye bango, na kwa urefu huo inatosha. Andika kipimo hicho kwenye jina la faili, kwa mfano "bango_10m_kipimo_1kwa10.pdf", fundi asije akachapa mita 1.