Kuzungusha mikato ya mji wa mimba katika ultrasaundi ya pande tatu

Mkato wa mbele wa mji wa mimba, ule unaoonyesha umbo lake kama pembetatu yenye ncha chini, ni vigumu kuupata kwa ultrasaundi ya kawaida, kwa sababu probu (kifaa cha kupigia picha) iliyo ukeni haina nafasi ya kugeuka kuelekea upande huo. Ultrasaundi ya pande tatu hukusanya kiungo kizima kwa skani moja, kisha mashine hukionyesha katika madirisha matatu: A, lenye mkato wa wima uliopigwa na probu, B, lenye mkato wa kukingama, na C, lenye mkato ambao kompyuta imeuunda. Kwa kuwa C imeundwa tu, haiwezi kuwa safi kuliko A. Hivyo mgonjwa atulie, na kasi ya skani iwe ndogo.

Mikato yote hukutana katika nukta moja, na ukiihamisha katika dirisha moja, picha za madirisha mengine mawili hubadilika. Picha huzungushwa kwa mihimili mitatu, yaani mistari ya kufikirika inayoitwa X, Y na Z. Mzunguko wa mhimili X au Y huleta mkato mpya katika dirisha ulilolichagua, lakini ule wa Z huigeuza picha hiyo mahali pale pale kama mshale wa saa, na kinachobadilika ni madirisha mengine. Ndiyo maana ninamshauri anayeanza aziache X na Y kabisa. Wengi hupotea kwa sababu ya kuzungusha mihimili yote kwa pamoja.

Utaratibu unaoitwa mbinu ya Z, uliochapishwa mwaka 2006 na Alfred Abuhamad na wenzake nchini Marekani, hutumia mhimili huo peke yake. Katika A, weka nukta katikati ya unene wa utando wa ndani wa mji wa mimba, kisha zungusha Z mpaka mstari wa utando ulale mlalo. Hamia B, rudisha nukta katikati ya utando, uulaze vilevile. Sasa mkato wa mbele umeshatokea katika C. Zungusha Z mara ya mwisho ili kitako cha mji wa mimba (sehemu yake pana iliyo mbali na shingo) kikae juu, na uhakikishe upande wa kulia wa mgonjwa kabla ya kuandika ripoti.

Utando huonekana vizuri zaidi katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi, unapokuwa mnene na mweupe. Mji wa mimba uliopinda sana hauwezi kulala wote katika mstari mnyoofu. Shughulikia mwili wake kwanza na shingo baadaye, au tumia mstari wa kupinda ikiwa mashine inao.

Usipime chochote kabla mstari wa nje wa kitako haujaonekana wote. Ukiwa umebonyea kwa zaidi ya sentimeta 1, huo ni mji wa mimba wenye pembe mbili. Ukiwa bapa au umetuna huku nafasi ya ndani imegawanyika, ni mji wa mimba wenye kiwambo, yaani ukuta unaoigawa nafasi hiyo, na matibabu yake ni tofauti.