Namna ya Kukata Rufaa kwa DRS Katika Kriketi Bila Kuipoteza Bure

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya nahodha, mlinda wiketi na wapigaji wanaoingia katika mashindano yenye DRS, yaani mfumo unaomruhusu mchezaji kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa mwamuzi wa uwanjani ili mwamuzi wa tatu, anayekaa mbele ya skrini, autazame upya. Wachezaji wa Afrika Mashariki huukuta mfumo huu zaidi wakiwa ugenini. Kenya iliucheza katika Kombe la Dunia la 2011, ambalo lilikuwa la kwanza kuutumia, na Uganda iliukuta katika Kombe la Dunia la T20 (kriketi ya mfumo mfupi) la mwaka 2024. Timu isiyouzoea humaliza mgawo wake wa rufaa kabla mchezo haujachanganya, kisha hubaki kutazama makosa ya kweli yakipita bila la kufanya.

Ni vyema kuanza na lengo la mfumo wenyewe, kwa kuwa kanuni zake zote zimejengwa juu ya lengo hilo. Mwamuzi wa tatu alianza kazi Novemba 1992 mjini Durban, Afrika Kusini ilipocheza na India, na Sachin Tendulkar akawa mpigaji wa kwanza kutolewa kwa marudio ya televisheni baada ya kuchelewa kufika krizi, yaani mstari wa usalama wa mpigaji. Wakati huo ni waamuzi pekee waliokuwa na haki ya kuomba msaada. Wachezaji walipewa haki ya kukata rufaa kwa majaribio mwaka 2008, Sri Lanka ilipoikaribisha India, na mfumo ukazinduliwa rasmi Novemba 2009 huko Dunedin, New Zealand. Kilichokusudiwa ni kuondoa makosa ya wazi, yale ambayo uwanja mzima unayaona isipokuwa mtu mmoja mwenye koti jeupe. Haukukusudiwa kuwa mwamuzi mpya wa kila mpira wenye utata, na ndiyo maana panapokuwa na shaka uamuzi wa awali hubaki palepale.

Kanuni za kukariri kabla ya kurusha sarafu ni chache. Katika mechi za Test (za kimataifa za siku hadi tano) kila timu inaruhusiwa rufaa 3 zisizofanikiwa kwa kila ingizo, yaani kila zamu ya timu kupiga, na katika mechi za kimataifa za siku moja na za T20 inaruhusiwa 2. Rufaa iliyofanikiwa haihesabiwi. Ligi za ndani zina viwango vyake, kwa hiyo soma kanuni za mashindano yako mwenyewe. Anayeweza kukata rufaa ni nahodha wa timu inayorusha au mpigaji mwenyewe aliyetolewa, na hakuna mwingine. Ishara ni mikono miwili kuunda herufi T, nayo itolewe ndani ya sekunde 15. Rufaa ya mchezaji inahusu tu kama mpigaji ametoka au hajatoka. Mpigaji aliyechelewa kufika krizi, au aliyevunjiwa wiketi (vile vijiti vitatu anavyovilinda) na mlinda wiketi akiwa nje ya mstari, kwa kawaida hupelekwa kwa mwamuzi wa tatu na waamuzi wenyewe, na timu haipungukiwi kitu.

Sekunde hizo 15 ni za watu waliomo uwanjani peke yao. Mnamo Machi 2017 mjini Bengaluru, Steve Smith wa Australia, akiwa amepewa LBW (ametolewa kwa mguu kuuzuia mpira uliokuwa unaelekea kwenye wiketi), aligeuka kutazama chumba cha wachezaji wenzake kutafuta ishara, na mwamuzi Nigel Llong akaingilia kati mara moja. Mwamuzi akiridhika kwamba ushauri umetoka nje ya uwanja anaweza kuikataa rufaa, kwa hiyo waonye hata walioketi benchi wasipunge mikono.

Mwamuzi wa tatu akipokea rufaa hufuata mpangilio, na ukiujua utajua pia mahali rufaa yako inapoweza kufia. Huanza na mguu wa mrushaji, kwa sababu ukiwa umevuka mstari mpira ni haramu na hakuna cha kuendelea nacho. Kisha hutafuta mguso wa gongo. Chombo kinachotumika zaidi hapa ni UltraEdge, ambacho huoanisha sauti ya kipaza sauti kilichomo kwenye wiketi na picha za mwendo wa polepole, kila picha na mstari wake wa sauti. Mstari ukiruka wakati mpira unalipita gongo, kuna mguso. Ukiruka kabla au baada, inaelekea gongo limegonga pedi au ardhi. Kuna pia Hot Spot, kamera za miale ya joto zinazoonyesha doa jeupe pale mpira ulipokwaruza, lakini ni ghali na mashindano mengi hayana. Hatua ya mwisho ni ufuatiliaji wa njia ya mpira, ambao wengi huujua kwa jina la Hawk-Eye: kamera kadhaa zilizofungwa kuzunguka uwanja hupima mpira ulipo katika kila picha, kompyuta huunganisha vipimo hivyo kuwa njia moja, halafu hukadiria mpira ungekwenda wapi kama mguu usingeuzuia.

Neno la kuzingatia hapo ni kukadiria. Njia ya mpira hadi unapomgonga mpigaji imepimwa; kuanzia hapo ni hesabu. Mpira uliodunda mbali na kusafiri mita mbili kabla ya kumgonga huipa kompyuta ushahidi wa kutosha, lakini ule uliodunda karibu kabisa na kiatu cha mpigaji huiachia kidogo sana. Kanuni zinatambua udhaifu huo, na kutokana nao ndipo ilipozaliwa ile hukumu inayowakera watazamaji wengi, yaani uamuzi kubaki kwa mwamuzi wa uwanjani hata pale picha inapoonyesha mpira ukiigusa wiketi.

LBW ndiyo inayokula rufaa nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo inastahili maelezo marefu. Maswali ni matatu: mpira ulidunda wapi, ulimgonga wapi, na ulikuwa unakwenda wapi. Swali la kwanza halina eneo la utata, kwani mpira uliodunda nje ya upande wa legi (ule wa nyuma ya miguu ya mpigaji) hauwezi kumtoa mtu kwa LBW, hata kama ungeng'oa kijiti cha kati. Katika swali la pili, ikiwa mpigaji alikuwa anajaribu kuucheza mpira, zaidi ya nusu ya mpira inatakiwa iwe ndani ya mstari wa wiketi; ikiwa ni sehemu ndogo tu iliyo ndani uamuzi wa awali unabaki, na mpira ukiwa nje kabisa mpigaji hajatoka. Mpigaji ambaye hakujaribu kuucheza hana kinga ya kugongwa nje ya upande wa ofu (ule wa mbele yake, wenye gongo). Tangu mwaka 2021 nahodha anaruhusiwa kumuuliza mwamuzi kama aliona jaribio la kweli la kuucheza mpira, na ni ajabu jinsi manahodha wachache wanavyokumbuka kuuliza. Katika swali la tatu, ili "hajatoka" igeuzwe kuwa "ametoka", angalau nusu ya mpira lazima iwe inaigonga wiketi. Mpira una kipenyo cha takriban sentimita 7, kwa hiyo kumgeuza mwamuzi unahitaji takriban sentimita tatu na nusu za mpira ziwe ndani ya ukingo wa kijiti cha pembeni. Mpira unaokwaruza tu hautakusaidia. Faraja ni kwamba tangu mwaka 2017, rufaa ya LBW inayoangukia katika eneo hilo la utata haikatwi kwenye mgawo.

Kutokana na kanuni hizo unaweza kujenga utaratibu wa timu. Nahodha asiulize "Vipi, tukate?" kwa sababu kila mtu atasema ndiyo, na mrushaji atasema ndiyo mara mbili. Agawe maswali kabla ya mechi. Mlinda wiketi ajibu kuhusu mahali ulipodunda na kama alisikia mguso, kwa kuwa ndiye aliye karibu na mstari. Mlinzi aliyesimama pembeni, sambamba na mpigaji, ajibu kuhusu urefu peke yake. Mrushaji aulizwe mwisho na asikilizwe kwa heshima tu. Majibu yakiwa matatu na yote ni mazuri, kata rufaa. Moja likiwa "sijui", iache. Ongeza tahadhari kwa pembe mbili mahususi, yaani mrushaji wa mkono wa kushoto anayerusha kutoka juu ya wiketi (mkono unaorusha ukiwa upande wa wiketi) kwa mpigaji wa mkono wa kulia, na wa mkono wa kulia anayerusha vivyo hivyo kwa mpigaji wa mkono wa kushoto. Katika pembe hizo mpira hutokea upande wa legi, na mara nyingi huwa umedundia nje ya mstari ingawa kwa jicho la mrushaji ulionekana umenyooka.

Gharama ya kupuuza swali la kwanza ilionekana Headingley, Leeds, tarehe 25 Agosti 2019. Uingereza ilikuwa inafukuza mikimbio 359 dhidi ya Australia na imebakiwa na wiketi moja, yaani mpigaji mmoja zaidi akitolewa mechi inaisha. Pat Cummins alimgonga Jack Leach, mpigaji wa mkono wa kushoto, kwenye pedi. Australia wakakata rufaa yao ya mwisho kwa pupa, na marudio yakaonyesha mpira ulidundia nje ya upande wa legi. Muda mfupi baadaye, Uingereza ikihitaji mikimbio 2 tu, Nathan Lyon alimnasa Ben Stokes mbele ya wiketi na mwamuzi Joel Wilson akasema hajatoka. Ufuatiliaji wa mpira ulionyesha kwamba ungeigonga wiketi. Teknolojia ilikuwepo na jibu lilikuwepo, ila aliyepaswa kuliomba hakuwa na rufaa tena. Stokes alimaliza na mikimbio 135 bila kutolewa, na Uingereza ikashinda kwa wiketi moja.

Kwa upande wa wapigaji kazi ni nyepesi kidogo, kwani mpigaji aliyeugusa mpira kwa gongo kwa kawaida anajua. Ukiwa umepewa LBW na una hakika uligusa, kata rufaa bila kumuuliza mtu. Ukiwa huna hakika, mwulize mwenzako wa upande wa pili kuhusu mstari, na umwamini kuliko unavyojiamini, maana wewe ulikuwa unautazama mpira ukikujia na yeye aliutazama ukienda. Ukipewa umedakwa na mlinda wiketi, kumbuka kwamba mwamuzi wa tatu asipoona mguso ataendelea kuangalia kama ulikuwa LBW, na tangu mwaka 2025, katika mechi za kimataifa, katika hilo unahesabiwa kama uliyeambiwa "ametoka". Kosa kubwa la wapigaji ni yule wa mwanzo kuitumia rufaa kwa sababu ya hadhi yake. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2019 uwanjani Lord's, Martin Guptill alipoteza mapema rufaa pekee ya New Zealand, kwani wakati huo mgawo wa mechi za siku moja ulikuwa rufaa 1. Ross Taylor alipopewa LBW baadaye kwa mpira uliokuwa unapita juu ya wiketi, alilazimika kuondoka.

Yapo makosa ambayo rufaa haiyafikii. Mwezi Februari 2016 mjini Wellington, Adam Voges wa Australia alivunjiwa wiketi na mpira wenyewe akiwa na mikimbio 7, lakini mwamuzi alikuwa ametangaza mpira haramu. Marudio yakaonyesha mguu wa mrushaji, Doug Bracewell, ulikuwa halali, na tangazo halikuweza kufutwa. Voges aliendelea hadi 239. Kwa kosa la aina hiyo dawa iliyopatikana ni kumwondolea mwamuzi wa uwanjani kazi ya kuangalia mstari wa mbele na kumpa mwamuzi wa tatu, utaratibu ulioanza katika mashindano makubwa mwaka 2020.

Klabu zisizo na kamera wala mwamuzi wa tatu huuliza kama simu inaweza kusaidia. Inaweza, kwa jambo moja: ranauti (mpigaji kutolewa akikimbia kabla hajafika krizi) na kuvunjiwa wiketi nje ya krizi. Kwanza kanuni za ligi ziandikwe wazi kwamba mwamuzi anaweza kuomba picha, kwa sababu bila hivyo neno lake ndilo la mwisho. Kisha simu ifungwe kwenye kiguu cha kamera, sambamba kabisa na mstari wa krizi, moja kwa kila upande wa kiwanja. Ikisogea pembeni kidogo tu, gongo litaonekana limefika wakati halijafika. Piga kwa picha 240 kwa sekunde. Mkimbiaji wa mita 7 kwa sekunde husogea sentimita 23 kati ya picha moja na nyingine kwa kasi ya kawaida ya picha 30, na umbali huo unatosha kuficha ukweli wote. Kwa picha 240 husogea takriban sentimita 3.

Usitumie simu kuamua LBW, na usitumie sauti yake kuamua mguso wa gongo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo simu iliyo ukingoni, mita 70 kutoka kwenye wiketi, huisikia sekunde 0.2 baada ya picha, na katika muda huo mpira umeshalipita gongo kwa mita kadhaa. Anayeshika simu asiwe mchezaji wa timu yoyote kati ya hizo mbili. Ampelekee mwamuzi picha pale tu anapoitwa, na mwamuzi aitazame mara tatu zisizozidi. Asipopata jibu kwa mara hizo tatu, alichokiona kwa macho yake ndicho kitakachoandikwa kwenye karatasi ya matokeo.