Mazoezi ya gita: rekebisha kwanza, ndipo urudie

Mwanafunzi wa gita anayekwama mwezi wa pili au wa tatu mara nyingi si mvivu. Anapiga kila siku, lakini anaanza wimbo mwanzo, anajikwaa palepale pa jana, anarudi mwanzo tena. Matokeo yake ubeti wa kwanza unazidi kunoga na sehemu ngumu inabaki ilivyo. Vidole navyo havibagui: vinakariri chochote vilichofanyishwa mara nyingi, kiwe sahihi au kosa.

Kabla ya lolote, gita lityuniwe, yaani nyuzi zikazwe au zilegezwe hadi zitoe sauti sahihi. Sikio linajengwa na kile linachosikia kila siku, na gita lililolegea linalifundisha uongo. Kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba, nyuzi ni E, A, D, G, B na E. Programu ya simu inatosha, ila jifunze pia kutyuni kwa sikio. Bana uzi mnene kwenye freti ya 5 (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo ya gita, huhesabiwa kuanzia kichwani), upate A. Uzi unaofuata, ukiwa wazi (bila kubanwa), ulie hivyohivyo. Endelea vivyo hivyo kwa freti ya 5, isipokuwa kwenye uzi wa G, ambapo unabana freti ya 4 ili kupata B. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kisha wanashangaa nyuzi mbili nyembamba kugombana na nyingine zote. Uzi ukipanda kupita kiasi, ulegeze hadi chini ya sauti unayoitaka, ndipo uupandishe. Ukiishia kwa kuushusha, ulegevu hubaki kwenye kigingi cha kukazia uzi na uzi utashuka zaidi mara unapoanza kucharaza. Nyuzi mpya hutanuka, kwa hiyo zityuni mara kwa mara siku chache za kwanza.

Mkono wa shingoni, unaobana nyuzi, una makosa mawili ambayo watu huyachanganya. Sauti ikikwaruza, kwa kawaida kidole kiko mbali na freti: kisogeze karibu, nyuma yake kidogo, bila kukanyaga chuma chenyewe. Sauti ikifa kabisa, kidole cha jirani kimeulalia uzi huo: kikunje kisimame kwa ncha. Yote mawili hutibiwa kimakosa kwa kubana zaidi, na kinachopatikana ni kidole gumba kinachouma. Pima hivi: gusa uzi bila kuubana, ongeza nguvu kidogokidogo huku ukiupiga, na ukome pale sauti inapotoka safi. Nguvu hiyo inatosha. Ncha za vidole kuuma wiki za mwanzo ni kawaida, ngozi inakomaa. Ganzi au maumivu ya kifundo cha mkono si kawaida. Pumzika, kisha uangalie kama umekikunja mno.

Sasa kazi yenyewe, kubadilisha kodi. (Kodi hizi hazilipwi, zinapigwa: ni nota tatu au zaidi zinazolia pamoja.) Chukua kodi ya C kwenda Am (A minor). Kwenye C, kidole cha shahada kiko uzi wa B freti ya 1, cha kati uzi wa D freti ya 2, cha pete uzi wa A freti ya 3. Kwenye Am, shahada na cha kati havihami hata kidogo; cha pete peke yake ndicho kinachoruka kwenda uzi wa G freti ya 2. Anayenyanyua vidole vyote vitatu amejitwisha mzigo usio wake. Kwa kila jozi ya kodi, jiulize kabla hujapiga: kipi kinabaki, kipi kinateleza, kipi kinaruka?

Kisha washa metronomu, kifaa au programu inayogonga mapigo sawasawa, mapigo 60 kwa dakika. Piga C mapigo manne, Am mapigo manne, bila kusimama. Mizunguko mitatu mfululizo ikitoka safi, ongeza mapigo 4 au 5. Ukikosea mara mbili, shuka 10. Ukishuka usione haya. Mwendo wa pole ndio unaokuonyesha kidole kinachochelewa, kwani kwenye kasi kosa hujificha ndani ya kelele. Na usipige wimbo mzima kwa ajili ya kodi moja inayosumbua. Kata kipande kidogo, pigo la mwisho la kodi ya kwanza na pigo la kwanza la kodi inayofuata, ukirudie hicho tu.

Jambo moja halina msamaha: mkono wa kucharaza hausimami. Kodi ikichelewa, acha mkono uchape nyuzi zilizo wazi, kodi itaukuta njiani. Msikilizaji husamehe nota iliyokosewa, lakini mdundo ukikatika kila mtu aliyekuwa akitikisa kichwa anajua.

Kodi ya F ni kaburi la wanafunzi wengi, kwa sababu shahada inatakiwa kubana nyuzi zote sita. Anza na F ya nyuzi nne nyembamba: cha pete uzi wa D freti ya 3, cha kati uzi wa G freti ya 2, shahada ikilalia B na E kwenye freti ya 1. Usiziguse nyuzi mbili nene. Huo si udanganyifu, wapigaji wazoefu huitumia pia. Ukifika kwenye nyuzi sita, egemeza shahada kwa ubavu wake wenye mfupa, maana upande wa kiganja ni laini na nyuzi huzama kwenye mikunjo ya viungo.

Sikio nalo litengewe angalau dakika kumi katika kila nusu saa. Piga uzi mmoja peke yake: wazi, kisha freti ya 2, 4, 5, 7, 9, 11 na 12. Hiyo ni do, re, mi hadi do ya juu. Imba kila nota kabla ya kuipiga, halafu gita likusahihishe. Wiki ya pili, tafuta kwenye uzi huohuo wimbo unaoujua tangu utotoni, bila karatasi wala video. Inachosha na inakera, lakini anayeruka hatua hii hubaki akingoja kuonyeshwa mahali pa kuweka vidole.

Mara moja kwa wiki jirekodi dakika moja kwa simu. Usisikilize siku hiyo. Ngoja kesho yake. Gonga mguu kufuata mdundo, usijali nota. Mguu ukilazimika kungoja mahali fulani, simamisha rekodi na uandike kodi mbili zilizokutana hapo. Anza nazo mazoezi ya siku hiyo.