Ndege wadogo wala mbegu wa Arusha na Moshi: anza na mdomo, si na rangi

Pita nyuma ya jiko ambako mama ametoka kupepeta mahindi, au kandokando ya shamba lolote kule Kisongo, nje ya Arusha, utawakuta: ndege wadogo kuliko shomoro, wanadonoa chini kimyakimya, na ukisogea wanaruka wote mara moja na kuzama kichakani. Watu wengi huwaita wote chiriku, wakaendelea na shughuli zao. Mimi naongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege, na hawa ndio ninaopenda zaidi kumfundisha kijana anayeanza kazi, kwa sababu kundi moja linaweza kuwa na spishi (aina) tatu, na zote zinatambulika bila kumshika ndege hata mmoja.

Hatua ya 1: Kaa, usiwafuate

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha. Ndege hawa wanaokota mbegu za majani ardhini, kwa hiyo wakishtuka hurudi palepale. Jua liwe mgongoni kwako, kaa mita kumi au kumi na tano, utulie. Ukiwafuata kichakani utaona mikia tu. Kiangazi kikikolea, kaa karibu na maji: birika la kunyweshea mifugo au bomba linalovuja huwaleta wenyewe.

Hatua ya 2: Tazama mdomo

Anayeanza hukimbilia rangi ya mwili, na rangi ya mwili ndiyo inayomchanganya. Jike hana rangi ya dume, kinda hana rangi ya yeyote, na jua la saa sita mchana hufifisha kila kitu. Kwa ndege aliyekomaa, mdomo unaaminika zaidi.

Chukua wale wekundu wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Lagonosticta. Anayeingia hadi uwanjani kwa watu, akadonoa pumba karibu na miguu ya kuku, ni Lagonosticta senegala. Mdomo wake ni mwekundu wa waridi wenye weusi kwa juu, na jicho limezungukwa na duara jembamba la njano. Ukiwa naye karibu utaona vitone vyeupe vidogo mno ubavuni mwa kifua, kama vumbi la chaki. Jike ni wa kahawia, ila ana wekundu kidogo kati ya mdomo na jicho, na juu ya mkia pia.

Sasa panda kwenye vichaka vizito zaidi, mbali na nyumba. Ukimwona mwekundu mwenye mdomo wa kijivu cha buluu, huyo si senegala. Hapo una wawili wa kuchagua wa jenasi hiyohiyo, Lagonosticta rhodopareia na Lagonosticta rubricata, na hapa mdomo haukusaidii tena. Tazama utosi na kisogo cha dume: vikiwa na wekundu wa waridi, ni rhodopareia, vikiwa vya kijivu na kahawia, vimeachana wazi na uso mwekundu, ni rubricata. Wote wawili wana manyoya meusi chini ya mkia, na senegala hana. Kwa hiyo ndege akikugeuzia mgongo na kuinua mkia, usikasirike. Amekupa alama nzuri kabisa.

Hatua ya 3: Tazama pale mkia unapoanzia

Mahali hapa huonekana ndege anaporuka, basi uwe tayari kabla hajaruka. Estrilda astrild na Estrilda rhodopyga wote wana mstari mwekundu unaopita kwenye jicho, na wote hupenda majani marefu na kingo za mashamba ya mpunga kama ya Mabogini, chini ya Moshi. Astrild ana mdomo mwekundu unaong'aa na mistari myembamba iliyokingama mwili mzima. Mgongo wake wa chini ni wa kahawia. Rhodopyga ana mdomo mweusi, tumbo lisilo na mistari, na akiruka tu unaona wekundu mkali juu ya mkia.

Migombani kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro yuko mwingine mdogo zaidi, Coccopygia quartinia. Kichwa cha kijivu, tumbo la njano, mdomo mweusi juu na mwekundu chini. Huyo hamchanganyi mtu.

Hatua ya 4: Wa buluu, subiri mwenzake

Uraeginthus bengalus dume ana doa jekundu shavuni na utosi wa kahawia. Uraeginthus cyanocephalus dume ana kichwa chote cha buluu hadi kisogoni, na utamwona zaidi sehemu kavu, kama upande wa Tarangire. Madume hayana shida. Majike ndiyo kazi: yote ni ya kahawia juu na buluu usoni na kifuani. Ushauri wangu ni mmoja, usiamue jike peke yake. Hutembea wawili wawili, na dume hachelewi kutokea. Ukisafiri kusini hadi Morogoro utakutana na Uraeginthus angolensis, ambaye hata dume hana doa shavuni.

Usimwingize hapa Granatina ianthinogaster. Dume ana kichwa cha rangi ya kutu na buluu kuzunguka jicho, tumbo la zambarau, na mkia mweusi mrefu kuliko wa hao wengine.

Hatua ya 5: Mwenye michirizi ni wa ukoo mwingine

Kati ya wote niliowataja, hakuna mwenye michirizi mirefu ya giza mgongoni. Ukimwona mwenye michirizi, na kichwani ana milia kama shomoro, fikiria fumbwe, jenasi Vidua. Fumbwe hajengi kiota. Vidua chalybeata hutaga kwenye kiota cha Lagonosticta senegala, na kinda wake hulelewa pamoja na wenye nyumba bila kuwaua. Dume mchanga hujifunza nyimbo za baba mlezi wake. Ndiyo maana unaweza kusikia sauti ya senegala juu ya waya, ukainua darubini, ukaona ndege mweusi.

Majike ya fumbwe nje ya msimu ni magumu hata kwa waliozoea. Subiri mvua: madume yakishavaa manyoya meusi, na Vidua macroura akashusha mkia wake mrefu, utajua ni spishi gani wako hapo kwako.

Hatua ya 6: Andika ulichoona tu

Andika mdomo, juu ya mkia, chini ya mkia, mahali na saa, kabla hujafungua kitabu. Ukishafungua picha, macho huanza kukumbuka picha badala ya ndege. Jike la buluu lisilo na mwenzake liandike Uraeginthus, bila jina la pili. eBird, hifadhidata ya mtandaoni ya rekodi za ndege, hupokea rekodi ya namna hiyo, na ina manufaa kuliko jina la kubahatisha.