Unajua kuchora, sasa utaongozaje warsha ya sanaa ambayo kila mtu anashiriki?

Kuchora mwenyewe ni kitu kimoja, kuongoza watu kumi na tano wachore ni kitu kingine kabisa, na wasanii wengi tunakwama hapo manake tumezoea kujifungia peke yetu.

Anza kwa kuuliza. Kabla ya siku yenyewe waulize washiriki wanahitaji nini, usikisie, mwenye kiti cha magurudumu anataka meza ambayo magoti yanaingia chini, kiziwi anataka mkalimani wa lugha ya alama na wewe usimpe mgongo ukiwa unaongea, asiyeona mpe udongo wa kufinyanga au chora mistari kwa gundi nene, iache ikauke, ataifuata kwa vidole. Brashi haishikiki? Zungushia mpini sponji na tepu mpaka unenepe, basi.

Mikono ikigoma badilisha zana, sio mtu. Henri Matisse mwenyewe, yule mchoraji maarufu wa Ufaransa, baada ya operesheni ya 1941 alidhoofika sana, akahamia kwenye mkasi na karatasi za rangi, na kazi zile zinasifiwa mpaka leo.

Halafu hili mimi nalikazia: usije na mfano uliokamilika, watu watakopi tu na wasioweza watajiona wameshindwa. Na usiguse kazi ya mtu! Kama anataka kuonyeshwa, onyesha kwenye karatasi yako.

Tenga pia kona tulivu, kelele zinawachosha wengine, na mtu akitaka kukaa anaangalia tu mwache akae.